Msaragambo wa Kubomoa

Kahwa alikuwa na adabu zake, na hilo ndilo lililonikera kuliko yote. Asubuhi ile alinifuata mpaka chini ya mkulo mkubwa wa bonde la Mzaza, akavua kofia, akanisalimu, akauliza hali ya nyumbani, akauliza hata hali ya goti langu. Kisha akanyoosha mkono kunionyesha shina la mti, kama mtu anayekukaribisha sebuleni kwake.

"Shahidi Nakiete, unaonaje tukianza na huu? Umeshaachwa tangu mwezi uliopita."

Nikatazama kibao changu cha ramani. Duara la mkulo ule lilikuwa jekundu. Nikaivuta picha nione bonde zima, nikaona wekundu mtupu kutoka kwenye maporomoko hadi kambi ya askari wa hifadhi. Nimekuwa Shahidi wa Msitu wa Vuramba tangu sheria ipitishwe, na msimu mzima huwa napata maduara mekundu machache tu, mti mmoja huku na mwingine kule, vizee vilivyooza moyo. Sasa bonde zima lilikuwa limeachwa, na mikulo ndiyo ilikuwa ya kwanza, miti ile ile ambayo mbao zake kampuni yake Kahwa, Teule, ilikuwa inazililia kila mwaka.

"Mti huu hauumwi," nikasema.

"Sisemi unaumwa. Sikio linasema umeachwa, na Sikio ndilo lenye kauli. Au sheria imebadilika?"

Haikuwa imebadilika. Sikio ni nyuzi, nyembamba kuliko unywele, zilizofukiwa kwenye mizizi ya msitu mzima baada ya ule moto mkubwa uliokula nusu ya milima yetu. Chini ya ardhi miti inagawiana. Kuvu weupe wanaoishi kwenye mizizi hupitisha maji na utamu kutoka mti hadi mti, na wenye kiu hupewa na jirani yake. Kiangazi kikikaza, msitu unachagua wa kumbeba na wa kumwacha. Anayeachwa hukatiwa maji na wenzake, na Sikio hulisikia hilo siku ileile linapotokea.

Ndiyo maana sheria iliandikwa ilivyoandikwa. Binadamu alikuwa ameshachagua vya kutosha katika misitu ya umma, na tuliona alivyochagua. Kwa hiyo hatachagua tena. Utavunwa tu mti ambao msitu wenyewe umeuacha, na kabla haujavunwa, Shahidi ataweka kiganja chake kwenye gome. Bila kiganja changu Kipungu, mashine ya kuruka ya wavunaji, hakiwaki. Kikiwaka, kinashuka kutoka juu bila barabara wala trekta, kinalikumbatia shina, kinalikata chini na kulinyanyua likiwa wima, wala tawi la jirani halivunjiki. Wageni walikuja kutoka mbali kupiga picha. Niliupenda utaratibu ule, nasema wazi, na nilikuwa nawaringia watu kwamba msitu wetu unajisemea.

Nikapiga hatua mbili kuuzunguka mti, ndipo nikashtuka. Buti zangu zilikuwa kavu. Bonde la Mzaza halijawahi kumwacha mtu na buti kavu, hata Septemba. Nikashuka hadi kwenye kijito nikakuta kokoto nyeupe na mavi ya nyani.

"Maji yako wapi?"

"Kiangazi, Shahidi."

"Kiangazi gani? Ng'ambo ya kigongo kila kitu ni kijani. Kiangazi kimekuja kwenye bonde moja tu, lenye mikulo?"

Kahwa akatabasamu kwa upole. Alikuwa mtu wa Bukoba, mrefu, mwenye sauti ya chini, na hata siku moja sikumsikia akimfokea mfanyakazi wake. "Mimi ni mtu wa mbao. Habari za maji mnazijua ninyi wenyeji. Ila miti ikishakuwa mingi hivi, wakubwa wameruhusu idhini ya jumla, kiganja kimoja kwa bonde zima. Wamesema mwisho Ijumaa. Ukishindwa watamleta shahidi wa muda." Akavaa kofia yake. "Msalimie dada yako. Mwambie nasikia tangawizi yake imestawi."

Akaondoka. Nikabaki pale nikijiuliza mtu wa mbao anajuaje tangawizi ya dada yangu.

*

Nilipanda hadi chemchemi ya Vumbe, inayokilisha kijito kile, kwa hasira, na hasira ina nguvu kuliko chai, maana goti sikulisikia hata kidogo. Nilipofika juu sikuiona chemchemi. Niliona ukuta.

Ulikuwa ukuta mzuri, na hilo sina budi kulisema. Mawe yalikuwa yamepangwa kwa mkono, makubwa chini na madogo yamechomekwa kwenye mapengo, udongo wa kichuguu ndani na saruji kwa juu. Nyuma yake maji yalikuwa yamejaa, bwawa pana lililotulia. Upande wa kushoto, kule yalikokuwa yakimwagikia msituni tangu dunia iwe dunia, palikuwa pamezibwa. Upande wa kulia mfereji mpya ulikuwa unashuka kijijini Mwerera. Ndiva. Kila kijiji cha milima yetu ya Upare kina ndiva, bwawa la kukusanyia maji usiku ili asubuhi yafunguliwe mashambani kwa zamu. Lakini ndiva zetu ziko chini, vijijini. Hii ilikuwa kwenye jicho lenyewe la chemchemi, ndani ya hifadhi.

Na ndani ya maji, kanga imefungwa kiunoni, alikuwamo dada yangu Eliwaza, mwenyekiti wa kamati ya ndiva, akiopoa majani kwa tenga.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Umekuja kunisalimu au umekuja na pingu?"

"Nani kajenga hii?"

"Sisi. Ulikuwa Morogoro kwenye kozi yako." Akamwaga tenga pembeni. "Pembe ililia, watu wakaja. Majuma mawili ya msaragambo na hakuna aliyekosa, hata Charawe na mgongo wake ule. Ungeona raha."

Kwa asiyetoka kwetu, msaragambo ni kazi ya wote. Pembe ikilia unachukua jembe na kwenda, huulizi kwanza ni kazi gani, na asiyekuja anatozwa faini. Barabara, shule na makaburi yetu yote yametoka huko. Ndiyo fahari yetu, na mtu asiyeujua msaragambo kwetu anaonekana hakulelewa.

"Nani kawaambia mjenge hapa?"

"Kahwa. Alikuja na mbuzi, Nakiete. Akakaa chini akasema, mimi mgeni, ninyi ndio wenye elimu ya ndiva, naona maji yanapotea bure msituni na mashamba yenu yana kiu, nifanye nini niwasaidie? Saruji akaleta yeye. Kazi akaomba tufanye sisi kwa mila yetu." Akanitazama usoni. "Hakuna mtu wa serikali aliyewahi kutuomba kitu. Wewe mwenyewe huombi, unatangaza."

Iliniuma, kwa sababu ni kweli. Lakini nilikuwa nimeshapandisha.

"Hayapotei bure! Yananyweka! Bonde la Mzaza lote linakufa kwa kiu huko chini, na kila mti unaokauka Sikio linauandika umeachwa, na kila ulioachwa ni mali ya Kahwa! Mmemjengea mtego wake, dada! Kwa mikono yenu!"

Eliwaza akasimama na maji yakimfika magotini. Si mtu wa kushindwa kuelewa. Niliona jambo lile likimwingia na kukaa, kisha nikaona akikataa lisikae.

"Sasa unataka nini?"

"Maji yarudi."

"Tangawizi imebakiza miezi mitatu. Ukiyarudisha leo, imekufa. Binti yangu Nakunda yuko kidato cha tano kwa tangawizi hii. Charawe amekopa mbegu. Wote tumeikalia hii." Akachukua tenga. "Miti ina mizizi mirefu. Isubiri miezi mitatu."

"Haina miezi mitatu. Wanataka kiganja changu Ijumaa."

"Basi usiweke."

"Watamleta wa kuweka."

"Basi nenda karipoti, si ndiyo kazi yako?" Akainama kwenye maji yake, akanipa mgongo. Bikoni ya mpaka wa hifadhi ilikuwa nyuma yangu, chini kabisa. Nilihesabu akilini kifungo cha anayechepusha maji ndani ya hifadhi ya umma, nikakumbuka ni nani hutia dole gumba kwenye karatasi za kamati. Nikashuka bila kuaga.

*

Kambi ya Teule ilikuwa uwandani, nje kidogo ya msitu. Vipungu vitano vilikuwa vimetua, mikono yao ya chuma imekunjwa, na Kahwa alikuwa amekaa kivulini akinywa chai na vijana wake. Alipogundua naja mbio, aliwaashiria wakae mbali.

"Umedanganya Sikio," nikamwambia kabla hajaanza salamu zake.

"Sikio halidanganyiki, Shahidi. Njoo na wataalamu wako wote walipime, watakuta kila mti uliosemwa umeachwa, umeachwa kweli. Sijagusa uzi hata mmoja." Akanimiminia chai kwenye kikombe cha pili. "Msitu umechagua wenyewe. Mimi nimeusaidia tu kupata sababu ya kuchagua."

Alisema vile bila aibu yoyote.

"Nitaripoti ukuta."

"Ni wajibu wako. Askari watapanda, watapiga picha, watauliza nani kajenga. Jina langu halipo. Lipo la kamati ya ndiva, na mwenyekiti wake ni dada yako. Kifungo unakijua kuliko mimi. Na mashamba je? Watu wa Mwerera watamlaani nani, mimi au wewe?" Akasukuma kikombe kuja upande wangu. "Au uende ukabomoe mwenyewe. Lakini nasikia kwenu kilichojengwa kwa msaragambo hakibomolewi na mkono mmoja. Anayethubutu hazikwi na wenzake. Ni mila nzuri sana. Niliisoma kabla sijaja."

Hapo ndipo hasira yangu ilipogeuka kuwa kitu kingine, kizito na kikavu. Kuiba miti ni wizi, nimewaona wezi wengi na nimewafunga. Huyu alikuwa amechukua kitu kizuri kuliko vyote tulivyo navyo, kile kinachotufanya tuje jembe begani bila kuulizana, akakitumia kama kufuli la mlango wake. Na kufuli tulilifunga sisi wenyewe, tukiimba.

Nilimwaga ile chai kwenye suruali yake. Vijana wake walisimama, yeye akawaonyesha kwa mkono wakae.

"Ijumaa, Shahidi," akasema, akijipangusa kwa leso.

Nikatembea kurudi kituoni nikilia kwa hasira, mwanamke mtu mzima na magwanda ya serikali. Nikiweka kiganja, bonde la Mzaza linaondoka, mikulo iliyokuwapo kabla bibi wa bibi yangu hajazaliwa. Nikiripoti, dada yangu anakwenda jela na mwizi anabaki kivulini na chai yake. Nikinyamaza, atakuja mwingine kuweka kiganja, auone na ukuta, na mambo yote mawili yatatokea. Ilibaki njia moja, ya kuwaendea watu wenye tangawizi shambani na kuwaomba waiue kwa mikono yao. Nani anaomba kitu kama hicho? Na kwa haki gani, mimi ninayelipwa mshahara, mvua inyeshe isinyeshe?

Usingizi sikupata. Lakini kulipokucha nilikuwa nimeshafunga kamba za buti.

*

Pembe ya msaragambo hutundikwa nyumbani kwa mwenyekiti wa kamati, na mwanachama yeyote wa ndiva anaweza kuipuliza. Ila anayeipuliza bila sababu anatozwa faini mbele ya watu, na aibu yake haiishi haraka. Niliikuta mahali pake, juu ya mlango wa Eliwaza. Mwenyewe alikuwa kizingitini akichambua maharage.

"Ukiipuliza," akasema bila kuinua macho, "useme mwenyewe. Mimi sitakusemea."

Nikaipuliza.

Walikuja, kama tunavyokuja siku zote, wakitoka migombani na mashambani, majembe na sururu mabegani, wanawake na kanga viunoni, vijana wakitafuna miwa. Hakuna aliyeuliza kazi gani. Waliponiona naelekea Vumbe walinifuata wakitaniana kuwa leo Shahidi kakumbuka nyumbani. Utani ule ulinitoboa. Tulipofika kwenye ukuta nikapanda juu yake, nikawageukia, nikawaambia yote. Niliwaambia habari ya Sikio, ya miti kugawiana na kuachana, ya Kahwa na mbuzi wake. Niliwaambia ukuta uko ndani ya hifadhi na sheria itawakuta wao. Sikuremba.

"Nimepuliza pembe ya kubomoa," nikamalizia.

Kicheko kilikatika. Kisha wakalipuka wote.

"Kwa hiyo tufe sisi ipone miti!" Charawe alikuwa wa kwanza, mkono mgongoni, sauti haina ugonjwa wowote. "Umeota nini huko Morogoro?"

"Chemchemi hii inanyweshwa na msitu ule," nikasema. "Ukungu unatoka kwenye mikulo, unapanda hadi huku juu, unashuka kwenye mizizi, unatokea hapa. Mikulo ikiondoka, mtabaki na ukuta mzuri na bwawa la vumbi."

"Lini?"

"Miaka michache."

"Sisi tunakula leo!"

"Mbona hamkutuambia mlipofukia nyuzi zenu?" akapaza mwanamke mmoja kutoka nyuma. "Miti mmeitegea masikio. Sisi nani katutegea?"

Nilikuwa bado natafuta la kumwambia pale Kahwa alipotokea njiani na vijana wawili, kofia mkononi. Sijui nani alimpigia. Akawasalimu wazee kwanza, halafu akina mama, akasubiri waitikie wote.

"Ndugu zangu, nasikia kuna hofu. Mimi ni mgeni wenu, siwezi kuingilia. Ila ukuta ukibaki, Teule itawaletea bomba mpaka mashambani, hakuna tena kugombea zamu. Hilo nililitaka liwe siri, nilitaka kuwashangaza."

Kuna waliopiga makofi. Nikamtafuta Eliwaza kwa macho na kumwona anapasua watu akija mbele, jembe mkononi, uso haunielezi chochote. Hakuja upande wangu. Alikwenda kusimama mbele ya Kahwa.

"Baba, naomba nikuulize. Ukuta huu ni wa nani?"

"Wenu, mama. Mmeujenga wenyewe."

"Saruji si yako?"

"Zawadi tu."

"Maji haya unafaidika nayo?"

Kahwa akasita kidogo. "Nafurahi nikiona mnafanikiwa."

"Kwetu anayefaidika na kazi ya msaragambo ni mwana-msaragambo," Eliwaza akasema, na sauti yake ilikuwa ileile ya kusomea watu zamu zao za maji. "Anapata zamu, anatozwa faini, na jambo likiharibika anasimama na wenzake. Wewe umetuletea saruji, umetuahidi bomba. Tunakupenda. Leo tunakuingiza." Akamnyooshea jembe. "Shika. Piga hata jiwe moja, ulitengeneze au ulivunje, utakavyo. Askari wakija kuuliza mikono ya nani, tuseme wote, na ya Kahwa imo."

Hata vijana waliacha miwa. Kahwa akatabasamu. Akalitazama jembe. Akanitazama mimi niliye juu ya ukuta, na kifuani kwangu kitambulisho kinachopiga picha, bila sauti, kila ninachokiona nikiwa kazini, naye alikijua. Mikono yake miwili ikaenda nyuma ya mgongo.

"Mama, mimi ni mgeni tu. Hili ni jambo lenu."

"Mmeiona mikono yake?" Eliwaza akauliza. Hakugeuka. "Charawe, umeiona? Aliyekuja na mbuzi, akala na sisi. Mmeiona iko wapi?"

Nilimwona Charawe anaishika sururu yake kwa mikono miwili. Uso wake ulikuwa umevimba kwa fedheha, na nikajua kwamba si mimi niliyewaingia. Hotuba yangu yote ya ukungu na mizizi haikumsogeza mtu hata mmoja.

Eliwaza akapanda ukutani, akanisukuma kwa bega kama mtu anayeondoa kiti, akapiga. Jiwe la kwanza halikutoka. Akapiga tena, na safari hii akapiga huku akitukana, matusi ya Kipare ambayo mama angemchapa akiyasikia, na Charawe akapanda na sururu yake, na mwanamke wa nyuma, na wengine. Si wote. Karibu nusu walitupa majembe begani wakageuka na kushuka, na mmoja aliponipita alitema mate karibu na buti yangu. Waliobaki walibomoa bila wimbo. Sijawahi kuona msaragambo usio na wimbo.

Maji yalipopata nafasi yalichukua kazi yenyewe. Yalivunja upande wa kushoto kwa mshindo mmoja, yakaingia msituni yakiburuta mawe na saruji ya Kahwa. Nilipogeuka kumtafuta, alikuwa ameshaondoka. Hakumuaga mtu.

Nilitaka kumkumbatia dada yangu. Alikuwa amelowa hadi shingoni, viganja vimechubuka. Nikamshika mkono, akauchomoa.

"Usinishukuru," akasema. "Sikubomoa kwa ajili ya miti yako. Nimebomoa kwa sababu alinifanya mjinga mbele ya watu wangu. Na wewe pia umenifanya. Ondoka mbele yangu."

*

Ijumaa sikuweka kiganja. Nilipeleka picha ya bonde lenye maji na sababu ya kukataa, na kwa kuwa ukuta haukuwapo tena, hakuna aliyepanda kuutafuta. Sikio lilichukua muda. Maduara yaligeuka moja moja, jekundu likawa njano, njano likapauka. Miti mingine haikurudi. Kiu ilikuwa imeshaifika moyoni, na wenzake hawakuipokea tena. Hiyo niliipitia mti kwa mti, nikaiwekea kiganja, kwa sababu sheria ni sheria na Sikio lilisema kweli. Kahwa aliipokea kwa adabu zake zote. Vipungu viliinyanyua wima, mmoja baada ya mwingine, wala tawi la jirani halikuvunjika. Faida yake ilikuwa ndogo kuliko alivyotaka, lakini ilikuwa faida. Kesho anaweza kwenda kwenye msitu mwingine, kwa watu wengine wenye mila nzuri. Kila nikifikiria hilo nataka kumwaga chai ya dunia nzima.

Jumamosi moja, majuma kadhaa baadaye, nilivua magwanda nikateremka Mwerera. Mfereji mpya ulikuwa umekauka na kupasuka. Kwenye shamba la Eliwaza tangawizi ilikuwa imelala, majani yamekuwa ya manjano, na yeye alikuwa ameinama akiing'oa ikiwa changa kabla haijaozea ardhini. Ilikuwa ndogo, laini, haina hata harufu ya kutosha. Hakuna mnunuzi wa kitu kile.

"Shikamoo, dada."

Alinirushia gunia badala ya kuitikia. Nikaingia mstari wa pili, nikainama, nikaanza kung'oa. Tulifanya kazi hivyo hadi jua likatuchoma visogo, na nilianza kudhani labda ndivyo tutakavyopatana, kwa mikono, kama tulivyozoea.

Akanyoosha mgongo. Akajipangusa jasho kwa upindo wa kanga, akatazama nyumbani kwake. Kwenye kamba ya nguo sketi ya shule ilikuwa imeanikwa, imepigwa pasi ya maji na mkono, tayari kwa safari ya Jumatatu.

"Nakunda harudi shule muhula huu," akasema. "Hajui bado. Yuko ndani anafungasha."

"Dada, nina mshahara, naweza—"

"Sikukuomba mshahara wako. Mshahara wako utawatosha watoto wa Charawe? Utawatosha wa wale waliobomoa wote?" Alisema bila kupaza sauti, na afadhali angepaza. "Wewe unajua kusema na watu. Unapanda juu ya ukuta unasema. Basi nenda ndani ukamwambie. Mwambie vizuri kwa nini, kama ulivyotuambia sisi."

Akainama tena kwenye mstari wake.

Nikasimama pale na gunia mkononi, nikingoja aseme kwamba ni hasira tu. Hakusema. Ndani ya nyumba nilimsikia Nakunda na redio, anaimba na kuvuta sanduku sakafuni. Nikaweka gunia chini, nikakung'uta udongo kwenye viganja, nikaenda mlangoni na kubisha hodi.